Mguu wa Asubuhi, Mguu wa Jioni

Mbuke alimjua mumewe kwa hatua zake. Kila jioni, akiwa jikoni, alizisikia buti zikija nyuma ya uzio wa minyaa. Pwata, pwata, pwata. Binti yao, Nelly, aliacha mchezo wake na kukimbilia mlangoni. Hapo Mbuke alishusha pumzi. Mwigulu amerudi, na amerudi mzima.

Si kila mke angeelewa furaha hiyo. Wake za wachimbaji wanaielewa. Mwigulu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Familia iliishi Nyahanga, mjini Kahama, lakini kazi yake ilikuwa machimboni, ndani ya duara. Duara ni shimo linalokwenda chini wima kama kisima. Wachimbaji hushuka kwa kamba, huku wakikanyaga vidato vilivyochongwa ukutani. Mkono hushika na mguu hubeba. Mguu ukiteleza, mtu amebaki na mikono yake na Mungu wake.

Buti zile hazikuwa za Mwigulu. Zilikuwa za duara. Yeye na mwenzake Abel walizivaa kwa zamu. Abel akipanda, anazivua. Mwigulu anazivaa zikiwa bado na joto na jasho la Abel, kisha anashuka. Jioni anarudi nazo nyumbani, na asubuhi anamrudishia mwenzake. Abel ni mtu wa miguu mikubwa. Kwa hiyo Mwigulu alijaza matambara mbele ya vidole ili buti zisimtoke.

"Kwa nini msinunue nyingine?" Mbuke alimuuliza siku moja.

"Hizi ndizo tulizovaa siku tulipoupata ule mwamba mzuri," Mwigulu alijibu. "Abel anasema zinajua njia ya dhahabu."

"Zinajua njia ya dhahabu, na soli zimelika kama sabuni!"

Mwigulu alicheka. Lakini alipovua soksi, Mbuke hakucheka. Visigino vilikuwa na vidonda. Kati ya vidole, ngozi ilikuwa nyeupe na imechanika. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hawakuzitaja buti za kuazimana, labda kwa sababu hawakufika machimboni.

Mbuke aliamua kumnunulia mumewe buti bila kumwambia. Alitaka iwe zawadi. Alikumbuka alivyofanya mama yake kule Ushetu. Mtu akienda mnadani, mama yake alikata unyasi kwa urefu wa mguu wa mtoto na kumpa. Unyasi ulikwenda mnadani, na kiatu kilirudi. Kilibana au kilipwaya, lakini kilirudi.

Basi asubuhi moja, Mwigulu akiwa bado amelala, Mbuke alichukua unyasi. Alipima mguu wa kulia, kwa sababu ndio uliokuwa nje ya blanketi. Kisha aliuza karanga zake alizovuna na kwenda sokoni.

Huko alichagua buti zilizong'aa kuliko zote. Zilikuwa nyeusi, zenye uzi wa njano pembeni. Muuzaji aliutia unyasi ndani ya buti.

"Umeingia, mama," alisema. "Umeingia vizuri kabisa!"

Ni kweli, uliingia. Unyasi hauna vidole.

Mwigulu alipozipokea, aliziinua kwenye mwanga. Alizigeuza, akazinusa.

"Wabeja, Mama Nelly," alisema. Yaani, asante. "Sijanunuliwa viatu na mtu tangu baba yangu afariki."

Alizivaa papo hapo kabla ya chai. Alitembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Zinakutosha?"

"Zinanitosha sana."

Mbuke alifurahi wiki nzima. Baadaye kidogo, aliona mambo ambayo hakuyaelewa. Mwigulu alianza kunawia miguu nyuma ya nyumba. Alikaa na soksi hata kwenye joto. Na buti zilirudi safi. Mtu anatoka kwenye duara lenye matope, shati limechafuka, suruali imechafuka, lakini buti zinang'aa kama za mgeni wa harusini. Mbuke alidhani mumewe anazifuta kwa upendo. Mwenye kupenda haoni mbali.

Kisha ikafika alasiri ile. Mbuke alikuwa akianika uani michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Alisikia pikipiki ikisimama nje. Hakusikia hatua. Abel aliingia akiwa amemshika Mwigulu begani. Mwigulu alikuwa pekupeku. Viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na kamba. Mkononi alishika zile buti mpya, safi, hazina hata tone la tope.

"Shemeji, usiogope," Abel alisema. "Yupo mzima."

"Kumetokea nini?"

"Alikuwa anapanda. Karibu na juu, mguu ulichomoka ndani ya buti. Alibaki ananing'inia kwenye kamba. Nilimvuta. Buti ilianguka chini." Abel aliliachia bega la Mwigulu. "Tuliisikia ikigonga chini, shemeji. Ilichukua muda kugonga."

Mbuke alikaa kwenye kigoda. Aliziangalia buti zilizokuwa mkononi mwa mumewe.

"Buti gani iliyoanguka, Baba Nelly?"

Mwigulu aliziweka buti chini.

"Zile za zamani," Abel alisema polepole. "Hizi huwa anazivua akifika kazini. Nilidhani unajua."

Hasira ilimpanda Mbuke. "Kumbe! Nimeuza karanga zangu ili ukazifiche buti machimboni? Umeidharau zawadi yangu kiasi hicho?"

Mwigulu aliketi chini na kunyoosha miguu yake mbele ya mkewe. Kucha za vidole gumba zilikuwa nyeusi. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba na kutoa usaha.

"Siku za kwanza nilishuka nazo. Asubuhi zinaingia," alisema. "Ikifika saa sita, nataka kulia. Sasa ningekuambiaje kwamba zawadi yako inaniumiza?"

Hasira yote ilimtoka Mbuke. Alilia mbele ya Abel bila kuona aibu.

"Mimi nilitaka urudi nyumbani mzima," alisema. "Buti ilikuwa kwa ajili ya hilo tu. Ungeniambia."

Ukuta wa jirani hauna siri. Mama Ghati alikuwa amesikia, na akaja na kuku mmoja akimfuata nyuma. Mama huyu alifanya kazi muda mrefu katika stoo ya mgodi mmoja mkubwa. Alikuwa akiwagawia wafanyakazi buti, kofia ngumu na glavu. Sasa amestaafu na anafuga kuku.

"Shikamoo, mama," walimsalimu wote watatu.

"Marahaba, wanangu. Hebu nione." Alichuchumaa na kuitazama miguu. Hakuonyesha kushtuka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho asubuhi, kituo cha afya. Kidonda chenye usaha hakitibiwi kwa kuvumilia. Na hushuki duarani mpaka kipone."

Kisha aliokota buti moja mpya. "Nani aliipima?"

"Mimi," Mbuke alisema. "Kwa unyasi."

"Ulipima lini?"

"Asubuhi, akiwa amelala."

Mama Ghati alitikisa kichwa, lakini kwa upole. "Mwanangu, mtu ana mguu wa asubuhi na mguu wa jioni. Asubuhi mguu umepumzika, ni mdogo. Ukisimama na kubeba mzigo kutwa, unavimba. Wewe ulinunulia mguu wa asubuhi. Kazi inafanywa na mguu wa mchana."

"Na nilipima mmoja tu," Mbuke alisema kwa sauti ndogo.

"Miguu ya mtu hailingani. Karibu kila mtu ana mmoja uliozidi kidogo. Buti inafuata ule mkubwa. Halafu unyasi unapima urefu tu. Upana je? Unene wa soksi je? Tena unyasi hausemi 'hapa pananibana.' Kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake. Mvaaji aende mwenyewe."

Abel alikohoa. "Lakini mama, zile za zamani zilikuwa na bahati."

"Zilikuwa na bahati?" Mama Ghati alimgeukia. "Leo bahati yenu ni hiyo mikono yako iliyomvuta. Buti inayopwaya inamwangusha mtu. Na buti ya kuvaliana inabeba jasho na fangasi kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Nionyeshe vidole vyako na wewe."

Abel alirudi nyuma ili kuificha miguu yake. Hata Mwigulu alicheka.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alisafisha kidonda na kumpa Mwigulu dawa. Alimpa pia dawa ya fangasi na kumwambia aikaushe vizuri miguu kila anapoiosha, hasa katikati ya vidole. Mwigulu alikaa nyumbani mpaka akapona. Kukaa huko kulimchosha kuliko kuchimba. Alitengeneza banda la kuku la Mama Ghati, akaziba paa la jiko, na kumfundisha Nelly kucheza bao vibaya.

Alipopona, walikwenda dukani alasiri, Mwigulu, Mbuke na Mama Ghati. Mwigulu alibeba soksi zake nene za kazini. Muuzaji alimletea buti ndogo zenye kung'aa.

"Tunataka za kazi," Mbuke alisema. "Za kushukia duarani."

"Duara lenu lina maji?" Mama Ghati alimuuliza Mwigulu.

"Matope na mawe. Maji yakijaa hatushuki."

"Basi ngozi nene yenye chuma mbele itafaa. Kama kazi ingekuwa ya kusimama ndani ya maji, ningesema gambuti za mpira." Alichukua buti moja na kuibonyeza mbele. Kidole chake hakikuzama. "Chuma kipo. Jiwe likidondoka, lianzie hapa kabla ya kufika kwenye kidole."

Kisha aliikunja buti. Ilikunjika pale vidole vinapoanzia. Alichukua nyingine, ikakunjika katikati kama karatasi. Akairudisha.

"Hii itauchosha wayo. Na tazama soli. Hii imebandikwa kwa gundi tu, itafumuka kwa tope la wiki chache. Ile ya kwanza imebandikwa na kushonwa kuzunguka. Pia tafuta soli yenye meno makubwa, na kisigino kilichojitokeza. Hicho ndicho kinachoshika kidato."

Mwigulu alivaa jozi ile iliyoshonwa, na soksi zake, akafunga kamba. Mama Ghati hakumruhusu kusema chochote.

"Usiniambie zinatosha. Simama. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Mama Nelly, weka kidole chako nyuma ya kisigino. Kinaingia?"

"Kinaingia kimoja, kwa shida kidogo," Mbuke alisema.

"Vizuri. Sasa rudisha kisigino nyuma, kaza kamba, tembea. Kisigino kinapanda?"

"Hakipandi."

"Chuchumaa. Chuma kinagusa vidole?"

"Cha kushoto kinagusa," Mwigulu alisema. Alimwangalia mkewe kidogo, kisha akaongeza, "Kinauma."

Mbuke alitabasamu. Hilo ndilo neno alilokuwa akilingojea. "Kinauma! Lete namba inayofuata," alimwambia muuzaji.

Namba iliyofuata ilikubali miguu yote miwili. Mwigulu alipanda na kushuka ngazi ya nje ya duka mpaka watu wakaanza kumtazama. Hazikubana wala kupwaya. Hazikung'aa sana pia.

"Usishuke nazo duarani kesho," Mama Ghati alionya. "Zivae nyumbani kwanza, kidogo kidogo, zikuzoee. Zikilowa, zifute tope, zijaze magazeti, uziweke kivulini penye upepo. Usizianike mekoni. Moto hukausha ngozi ikapasuka, na gundi ikaachia. Zipake dawa ya viatu. Na soksi ni za siku moja, kesho nyingine."

"Na meno ya soli yakilika?" Mbuke aliuliza.

"Hapo zimestaafu kama mimi. Zitafaa bustanini, si duarani."

Zile buti za uzi wa njano zilibaki chini ya kitanda. Siku moja, Mbuke akijiandaa kwenda Ushetu kulima karanga, alizijaribu mwenyewe jioni, akiwa na soksi. Zilimkaa kama alizaliwa nazo. Mwigulu alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kumbe unyasi ulikuwa unakupima wewe!"

"Cheka tu. Miba ya Ushetu itanikoma mwaka huu."

Abel naye alinunua buti zake, kubwa kama mitumbwi. Ile moja ya bahati iliyobaki aliichoma kisu soli yake, ili asitokee mtu wa kuiokota na kuivaa. Kisha aliitupa. Ile nyingine imelala chini ya duara, na hakuna aliyeshuka kuitafuta.

Mvua za kwanza zilipokuja, Mbuke alikuwa jikoni jioni akisonga ugali. Alitega sikio kama kawaida yake. Hakusikia kitu. Muda ulipita. Aliiepua sufuria ugali ukiwa bado haujaiva. Alikumbuka maneno ya Abel, ilichukua muda kugonga.

"Hodi," sauti ilisema nyuma yake.

Alishtuka, karibu aangushe sufuria. Mwigulu alikuwa amesimama mlangoni na Nelly mgongoni. Buti zilikuwa na tope mpaka kwenye kamba.

"Umenitisha! Mbona husikiki siku hizi?"

"Mimi sijawahi kusikika, mke wangu," Mwigulu alisema. "Ulikuwa unasikia buti za Abel zikinipwaya."

Mbuke aliitazama miguu ile, kushoto na kulia, ikikanyaga imara. Tangu siku hiyo hamsubiri tena mumewe kwa masikio. Jioni ikifika, huweka kigoda uani na kukaa akiangalia mlango wa uzio.