Siku Binti Yangu Alipomchagua Mwanaume Mwingine Amvishe Jezi

Nilimkuta mwanaume mwingine akimvisha binti yangu jezi namba saba, na watu wote wanampigia makofi kama baba yake!

Mimi, baba mzazi, nimesimama getini na funguo za gari mkononi, jasho linanitoka...

Wazazi wenzangu, nisomeni kwanza. Matusi yenu nitayapokea mwishoni, na mengine nimeshajitukana mwenyewe.

Naitwa Mbaluka. Tunaishi mtaa wa Woodley, mimi, mke wangu Carolyne na binti yetu Mwongeli, miaka kumi na tatu, winga wa timu ya mpira ya wasichana. Timu yao ina desturi. Siku ya fainali kocha humwita mzazi, na mzazi ndiye humvisha mtoto jezi mbele ya watu. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo mwaka mzima. Hata shati jipya nilinunua.

Carolyne akaniambia fainali imesogezwa hadi Jumapili. Nikaamini.

Jumamosi niko Adams Arcade nanunua nyama, Mama Emmah akanipigia. Binti yake anacheza na wangu. Aliuliza kama aniwekee kiti, maana mechi inaanza saa nne, Kitisuru.

Nyama niliiacha hapo hapo kwa bucha, nikaendesha gari mbio hadi Kitisuru, na pale getini ndipo nikaona jezi ikivishwa.

Yule mwanaume nilimjua vizuri. Ni Wachira, fundi viatu wa mtaani kwetu, ndiye hushona viatu vya mpira vya Mwongeli vikiachana. Akili yangu ikaenda mbali. Mke amenidanganya siku ya mechi, na huyu amesimama mahali pa baba... nyinyi mngefikiria nini?

Nilivuka uwanja nikamkamata kola.

"Wewe na bibi yangu mlianza lini?"

Wachira hakujitetea.

"Baba Mwongeli, samahani. Ongea na mtoto kwanza."

Mwongeli akanishika mkono.

"Baba, mwachilie. Ni mimi nilimwomba akuje. Mum alinisaidia tu."

"Kwa nini yeye?"

Akaangalia chini.

"Juu hajui mpira."

Ni kweli Wachira hajui hata offside ni nini.

"Yeye hupiga tu makofi," akasema. "Hata nikikosea anapiga."

Sasa niwaambie mimi hufanya nini. Nilicheza mpira ujanani, goti likaniharibikia kabla sijafika popote. Kwa hivyo mechi zote za Mwongeli nilikuwa narekodi kwa simu. Tukiingia kwenye gari, hata hajafunga mshipi, nishaanza. Hapa ulichelewa. Hapa ulipaswa kupiga. Hapa uliogopa nini? Kutoka Kitisuru hadi Woodley, mtoto hasemi neno. Nilidhani anasikiliza kwa makini.

Siku moja alitapika kwenye foleni ya magari. Nikasema ni juisi aliyokunywa.

Carolyne alikuwa ameniambia mara tatu nipunguze. Mara zote tatu nilimjibu kwamba haelewi mpira.

Kocha naye akanivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba Mwongeli akipata mpira huangalia kwanza uso wangu pale pembeni, ndipo hunyang'anywa. Yale makosa yote niliyokuwa nikimwonyesha kwenye simu... alikuwa ananiangalia mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba Wachira msamaha, nikaenda kusimama nyuma ya magari, mahali ambapo mtoto hawezi kuniona.

Akafunga mabao mawili!

Lakini si mabao yaliyoniliza. Alikuwa anacheka. Anakimbia na mpira huku anacheka, na mimi kwa miaka mitatu sikuwahi kumwona hivyo. Nililia, mwanaume mzima na shati langu jipya.

Nikajiambia haijaharibika. Nitaomba radhi, niwe baba mwingine kabisa. Filimbi ilipolia nikamfuata pale kwenye nyasi alipokaa akifungua kamba za viatu.

"Mwongeli, nisamehe. Msimu ujao sitasema kitu. Nitapiga tu makofi."

Alimwita Emmah, akampa vile viatu, akamwambia ajaribu kama vinamtosha.

Ndipo akanigeukia.

"Baba, hakuna msimu ujao. Niliamua mwezi uliopita. Nilitaka tu hii ya mwisho niicheze bila kuogopa."

Hiyo ni miezi minane sasa. Nimembembeleza, kocha amembembeleza, hata Wachira amejaribu. Hanikasirikii. Ananijibu kwa heshima kabisa, "Sitaki, Baba," kisha anaendelea na homuwaki yake. Hiyo heshima ndiyo inayoniumiza zaidi. Ingekuwa bora anipigie kelele.

Jumamosi bado naamka saa kumi na mbili, mazoea tu. Naketi sebuleni, nyumba kimya, yeye amelala.

Mzazi unayesoma hii, pengine kesho mtoto wako ana mechi. Mwache aingie kwa gari na matope yake, na mpira ubaki uwanjani. Akitaka kuuzungumzia ataanza mwenyewe.

Mimi nilijua mpira kuliko wazazi wote waliokuwa pale Kitisuru. Watoto wao wote bado wanacheza. Wangu ndiye aliyeacha.