Pembe ya Nyuma

Maiti ilikuwa imekaa. Fundi mwashi alipofika kazini asubuhi alimwona bosi wake ndani ya shimo la choo, mgongo umeegemea udongo, miguu imenyooka kama ya mtu anayepumzika. Akamsalimu. Akamsalimu tena. Ndipo alipoona nzi.

Inspekta alikuja na koplo mmoja. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye mazoea ya kuzunguka eneo lote kabla ya kusema na mtu yeyote. Alizunguka kiwanja, akaikagua nyumba kuukuu iliyoezuliwa nusu ya mabati, kisha akarudi kwenye shimo.

Marehemu mtaa mzima ulimwita Kokoto. Aliendesha malori mpaka mgongo ulipomgomea, akageukia kazi ya kutafuta nyumba zilizochoka, zile ambazo paa limebonyea na wenyewe wamekata tamaa. Alinunua moja, akaifufua, akapangisha vyumba; ikisimama, anatafuta nyingine. Kabla ya kununua alikwenda mvua ikinyesha, akasimama na mwavuli kutazama maji yanapita wapi. Watu walimcheka. Lakini wapangaji wake hawakuwahi kuamka wamelowa.

Daktari wa polisi alipanda kutoka shimoni, akavua glavu.

"Kapigwa kisogoni. Kitu kizito, bapa. Beleshi, nadhani."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Tazama kucha zake."

Kucha zilikuwa zimejaa udongo. Kwenye ukuta wa shimo kulikuwa na mikwaruzo, mingi chini, michache juu.

Inspekta alimwita fundi kando.

"Shimo hili mlichimba lini?"

"Juzi, afande. Tukakuta mwamba. Jana bosi akasema tuhamie pembe ya nyuma. Tulifika magotini tu, jua likazama, tukaondoka. Yeye alikuwa na kawaida ya kupita jioni kukagua."

"Nionyeshe hilo la nyuma."

Walikwenda. Fundi akasimama, akajikuna kichwa. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na udongo uliosawazishwa vizuri, umepapaswa kwa viganja, alama za vidole bado zinaonekana.

"Nani kafukia?"

"Si sisi, afande. Nani afukie kazi yake mwenyewe?"

Koplo aliita. Alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi, akionyesha damu iliyokauka na michirizi miwili ya visigino kutoka pembe ile hadi shimo la mbele.

Inspekta alitazama michirizi kwa muda. Muuaji aliiacha maiti wazi, mtu yeyote aione, kisha akajisumbua kufukia shimo tupu. Hilo halikumwingia akilini.

"Chimbeni," akasema. "Taratibu. Kwa mikono."

Walipopita kina cha magoti, fundi aliacha kuchimba, akavua kofia. Ndani mlikuwa na shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Daktari alilifungua ncha moja. Mifupa ilikuwa midogo sana, myembamba, imegeuka rangi ya udongo.

"Ya mtoto mchanga," akasema. "Ya miaka mingi."

Dalali aliyeuza kiwanja alipatikana kwenye kibanda chake, anaongea na simu mbili.

"Mimi na marehemu tulikuwa chanda na pete, afande."

"Majirani wamewasikia mkigombana."

"Kila wiki. Ndiyo biashara yenyewe. Yeye akiona ufa, anataka nilie mimi."

"Muuzaji ni nani?"

"Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu. Yeye na mkewe wamehamia kwa binti yao."

"Kuna masharti yoyote aliyoweka?"

Dalali akakata simu zote mbili. "Sharti hapana. Aliomba tu pembe ya nyuma isijengwe. Alisema ina udongo mzuri wa mboga. Kokoto akakubali, akapanga choo mbele. Nani angejua kuna mwamba?"

Nyumba ya binti ilikuwa na sebule ndogo iliyojaa viti. Mke wa fundi cherehani aliwakaribisha, akafuta meza iliyokuwa safi tayari. Mumewe alikaa, mikono katikati ya mapaja.

"Mama," Inspekta akasema kwa upole, "kwenye kiwanja chenu cha zamani, kuna mtu mliyemzika?"

"Alikuwepo. Mwanetu wa kwanza. Hakufikia hata kutambaa." Alitabasamu kidogo. "Lakini tulimhamisha kabla ya kuuza, mwanangu. Nilikataa kuweka dole gumba mpaka ahamishwe. Mume wangu alimpeleka makaburini mwenyewe. Kila wiki naenda kumpalilia, namweleza habari za nyumbani."

Inspekta aligeuka. Alimtazama mumewe.

"Mzee, naomba nione viganja vyako."

Viganja vya mshonaji vilikuwa laini, na juu ya ulaini huo malengelenge mabichi yalikuwa yamepasuka.

"Mama, tupishe kidogo," Inspekta akasema. Mama alimtazama mumewe, akaelekea jikoni.

Mzee aliusubiri mlango ufungwe.

"Nilikwenda kumtoa, kweli," akasema. "Kabla ya kuuza. Nilishika beleshi, nikashindwa kuchoma ardhi. Basi nikaenda makaburini, nikatengeneza tuta tupu, nikapanga mawe. Nikamleta mke wangu, akalia pale. Nikasema basi, yameisha."

"Halafu jana ukaona wanachimba."

"Nilikuwa napita. Jioni nikarudi na shuka. Safari hii niliweza. Nimeshamfunga, Kokoto akatokea."

"Alikukaripia?"

"Bora angenikaripia. Alinipa pole. Alisema choo kitakwenda kwingine, mtoto abaki palepale. Lakini akasema mke wangu lazima ajue. Kesho twende wote tumweleze. Nikamsihi. Nikapiga magoti, afande, mbele ya mtu mdogo kwangu. Akasema hataweza kumwona yule mama akipita na jembe la kupalilia, naye anajua. Akageuka aende."

"Ukampiga."

"Nikampiga."

"Kwa nini ulimburuta mpaka mbele?"

"Sikutaka awe karibu na mtoto."

Koplo aliacha kuandika.

"Alikuwa hai, mzee," Inspekta akasema.

"Najua. Nilimsikia akikwaruza." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilikuwa namfunika mtoto. Nikasema nikimaliza hapa, nitakwenda nimtoe. Nikasawazisha udongo. Nilipomaliza, kulikuwa kimya."

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Hakuna aliyejua umefunguliwa tangu lini. Mama alisimama pale na kitambaa cha meza mkononi.

"Sasa yule niliyekuwa namweleza habari za nyumbani," akauliza, "alikuwa nani?"

Mumewe alinyoosha mikono mbele. Koplo alimfunga pingu, taratibu, kwa sababu ya malengelenge.

Mama alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya kiti. Alivivaa, akamgeukia Inspekta.

"Mmemrudisha ardhini, au bado yuko juu?"

"Bado, mama. Yuko kwa daktari."

"Amefunikwa?"

"Amefunikwa."

"Na huyo marehemu, ana mke?"

"Anaye."

Mama alikirudisha kiti mahali pake. "Basi nipeleke kwanza kwa mwanangu. Halafu nipeleke kwa huyo mwenzangu, nimwombe radhi. Mwenye kosa hawezi."

Mzee alimwita kwa jina la utani, lile la ujana wao. Mama alipita mbele yake, akatoka nje, akasimama kando ya gari la polisi kungoja afunguliwe mlango.