Kiu ya Piano ya Bi Nyholm

"Nani kaninywea kahawa yangu?" Nels aliuliza.

Kikombe kilikuwa juu ya piano, pale pale alipokiweka kikiwa kimejaa na kinafuka moshi. Sasa kilikuwa kikavu. Hakikubaki hata tone. Masalia ya kahawa yalikuwa yamegeuka vumbi, na alipopuliza, vumbi likaruka.

"Umekunywa mwenyewe ukasahau, shemeji," Curtis alimjibu akicheka. "Ndio uzee huo."

"Uzee wa nani? Mwenye upara hapa ni wewe."

Ingrid, mke wa Curtis na dada yake Nels, hakuwasikiliza. Alikuwa ameishika santuri mpya kwa ncha za vidole. Ilikuwa albamu yake, na asubuhi ile ilikuwa imetoka pia mtandaoni kwa walimwengu wote. Miaka na miaka aliimba katika mabaa ya mji wa Duluth, kule kaskazini ya Marekani, mbele ya watu waliokodolea macho mechi ya hoki, wala hakuna aliyegeuza shingo. Hii ilikuwa sauti yake na piano tu, basi. Alishamwambia mumewe: "Hii isiposikilizwa, siimbi tena mpaka naingia kaburini."

Katika familia yake albamu mpya ilikuwa na sheria zake, walizozirithi kwa baba yao. Simu zinawekwa kwenye bakuli jikoni. Hakuna kusema. Hakuna kuinuka mpaka upande mzima wa santuri uishe. Baba yao aliwahi kuacha sufuria ya supu ikaungua ikawa mkaa kuliko ainuke kabla ya wimbo wa mwisho. Nimeishi na watu hawa muda mrefu na nawapenda, ila wana adabu ya kuudhi. Paa litawaka moto, nao watasubiri kwanza mtu amalize sentensi yake.

Piano yenyewe ilikuwa ya marehemu Bi Nyholm. Kule piano kuukuu hutolewa bure; anayeitaka aje na wanaume wa kuibeba. Binti wa marehemu alisema neno moja tu walipokuwa wakiitoa mlangoni: "Chini ndani yake kuna chupa ya maji. Msiiache ikauke. Mama hakuiacha ikauke hata siku moja."

Ingrid hakushangaa. Nusu ya piano za mji ule zina chupa ya maji tumboni, kwa sababu majira ya baridi mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa mpaka mbao zinapasuka. Basi nani angeuliza zaidi? Lakini wakati wa kurekodi, chupa ilikuwa ikilia kila Ingrid alipogusa noti za chini, na Curtis, ambaye ndiye fundi wa sauti, akaitoa. Akamwaga maji, akaitilia misumari, akaiweka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Hakumwambia mtu. Alisahau, jamani, ni kitu kidogo.

Tangu hapo maua ya dirishani yalikauka kwa usiku mmoja. Paka alitoka akakataa kurudi. Ingrid alilaumu baridi.

Haya. Sindano ikashuka kwenye santuri, wakakaa.

Wimbo wa kwanza ulikuwa mzuri mpaka Nels akafumba macho. Katika wa pili, chini ya muziki, kulikuwa na mtu anameza. Gulp. Kimya kidogo. Gulp. Curtis alikunja uso. Alikuwa ameisikiliza rekodi ile mpaka akaichoka, na sauti hiyo haikuwemo. Katika wimbo wa tatu ikaja harufu, harufu ya kinywa cha mgonjwa aliyeshinda bila maji. Mdomo wa Nels ukapasuka katikati, damu ikatiririka kidevuni, naye akaifuta taratibu kwa mkono wa sweta bila kusema neno. Ulimi wa Ingrid ulikuwa umeganda juu kinywani. Mtu wa kwetu angekuwa ameshafika barabarani anapiga kelele! Hawa walikaa, wakitazama santuri ikizunguka.

Ndipo vibao vya piano vikaanza kushuka vyenyewe upande wa noti nzito, kimoja baada ya kingine.

"Kaa," Nels alinong'ona. "Curtis, kaa chini."

"Ile sauti haiko kwenye santuri," Curtis alinong'ona naye, akiinuka. "Imo humu ndani."

Akanyoosha mkono juu ya vibao ili avizuie, na mfuniko ukashuka juu ya vidole vyake kwa nguvu za nyundo, ukainuka, ukashuka tena, mifupa ikalia, na kabla hajamaliza kupiga ukelele nyuzi za ndani zikaanza kukatika kwa mlio wa risasi, zikatoka kwa juu zikichapa huku na huku, moja ikampasua Nels shavu hadi meno yakaonekana, nyingine, ile nene ya shaba, ikamzunguka Curtis shingoni na kumvuta kifudifudi mpaka uso wake ukagandamana na mbao, na pale pale mbao zilipomgusa, ngozi yake ikaanza kunywea, midomo ikipasuka, macho yakidumbukia, na ile damu yake iliyomwagika juu ya vibao ikipotea ndani ya mianya bila kuacha doa.

Wao hawana jina la kitu hicho. Mimi ninalo. Ni jini, na lilikuwa na kiu.

Nels alinyakua shoka la kuni kando ya meko, akaipiga piano ubavuni. Kila pigo lilikaza waya, na Curtis alikoroma.

"Acha, kaka! Unamuua!" Ingrid alipiga magoti, akang'oa ubao wa chini wa piano. Ndani kulikuwa na alama ya duara kwenye vumbi, basi. "Chupa iko wapi? Curtis! Chupa ya yule mama iko wapi?"

Curtis hakuweza kusema. Ulimi ulikuwa umevimba umejaa mdomo. Alipiga sakafu kwa kisigino. Akapiga tena.

Ingrid alishuka ngazi akianguka na kuinuka, akaipata chupa, akaigonga ukutani kuitoa misumari, mdomo wa chupa ukavunjika ukamkata kiganja. Alifungua bomba. Bomba likakohoa hewa. Bomba la jikoni nalo kavu. Akaupiga teke mlango wa nyuma, akachota theluji kwa mikono miwili, akaishindilia ndani ya chupa, na theluji ikawa nyekundu kwa damu yake. Akarudi mbio akaiweka chini, kwenye ile alama ya duara.

"Kunywa," alilia. "Tafadhali kunywa. Niachie mume wangu. Nakuomba, niachie."

Sauti ya kumeza ikasikika, ndefu, ya mtu aliyekaribia kufa. Waya ukalegea. Curtis akaporomoka sakafuni akihema, vidole vya mkono wake wa kulia vimesagika, lakini anahema. Nels akamkumbatia kichwa, wote wawili wamelowa damu, wakalia bila haya.

Ingrid alikimbilia bakuli jikoni, akachukua simu, akaita gari la wagonjwa. Wakamwambia linakuja. Simu ikaendelea kutetemeka mkononi mwake. Zilikuwa jumbe, na zilikuwa nyingi kuliko alizowahi kupata maisha yake yote. Watu walikuwa wanasikiliza. Hatimaye walikuwa wanasikiliza.

"Nimelia njia nzima kwenda kazini," mmoja aliandika.

"Ile sauti ya kumeza kwenye wimbo wa pili umeifanyaje? Imenisisimua!"

Na mwingine, mama mmoja wa Phoenix kule jangwani: "Tuko sebuleni na binti yangu, tunasikiliza tena tangu mwanzo. Samahani kwa kukusumbua. Glasi yake ya maziwa imekauka, na midomo yake inatoka damu. Lakini wimbo unaofuata ni mzuri mno, tutaumaliza kwanza."

Ingrid alimpigia. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Zima!" alipiga kelele. "Inuka, mama, zima huo muziki!"

Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na sauti yake mwenyewe ikiimba kwa mbali, na karibu na simu, kitu kinameza.

Aligeuka kutazama sebuleni. Theluji ilikuwa tele nje, mpaka madirishani. Chupa ilikuwa moja, na waliokuwa wakisikiliza hawakuwa na idadi.