Niliponyamaza Yvette Akitukanwa

"Toa hiyo kaseti, Yvette. Itoe kwa mkono wako mwenyewe, sote tuone."

Maxine hakuwa amelala. Matope yalikuwa yamemkaukia mpaka magotini, na sauti ilikuwa imemkauka kwa kubishana na polisi usiku kucha. Jumapili ile asubuhi tulikuwa wanne jikoni kwa Yvette: Maxine, mchumba wangu; Yvette mwenyewe, shoga yake Maxine tangu shule; Baz, mwenye gari na nusu ya maspika yetu ya dansi za usiku; na mimi, Glenn, niliyeegemea friji nikitazama viatu vyangu.

Yvette akafungua mashine ya simu, ile iliyowajibu waliopiga namba yetu, akatoa kaseti, akaitia kwenye redio. Sauti ya Maxine ikatoka, imechangamka:

"Haya wapenzi! Leo tuko machimbo ya mawe, yale ya zamani. Njooni na blanketi, njooni na upendo, mbwa waacheni nyumbani!"

"Hiyo ni ya Oktoba!" Baz akapiga meza. "Jana tulikuwa malishoni huko juu, maili kumi na mbili kutoka machimboni. Watu mia tano wamepiga namba yetu kuuliza dansi iko wapi, wakaambiwa waende wakakumbatie mawe!"

"Niliweka mpya," Yvette akasema. "Saa tano asubuhi. Nikaisikiliza mara mbili."

"Kwa hiyo mpya imeota miguu?"

"Baz, usinifanye mwongo nyumbani kwangu."

"Polisi wamekupa nini?"

"Koma!"

"Wangekuja mia tano," Maxine akasema polepole, "polisi wangebaki getini wanakunywa chai yao. Siku zote ndivyo inavyokuwa, wanaogopa watu. Lakini tulikuwa kumi na wanne, Yvette. Kumi na wanne! Wakatuambia tuondoke. Nikakaa juu ya spika, nikakataa. Wakaninyanyua mimi, wakabeba na spika. Miaka minne tunanunua moja moja. Hakuna hata waya uliobaki."

"Max, naapa kwa roho ya baba yangu."

"Muache baba yako apumzike." Maxine akanigeukia. "Glenn, sema kitu. Wewe ndiye mwenye akili humu."



"Labda amesahau tu," nikasema. "Binadamu tunasahau."

Yvette akanitazama. Alinitazama tu mpaka nikajifanya nakohoa.

Sasa nikuambie, msomaji, na tafadhali usinionee huruma. Kaseti niliibadilisha mimi.

Mwezi uliotangulia, Machi, hakimu alimtoza Maxine faini kwa dansi nyingine ya usiku, akavua miwani, akamwambia, "Bibie, nikikuona hapa tena utalala ndani." Harusi yetu ilikuwa Juni, kwa msajili, na Yvette ndiye shahidi wetu. Sheria mpya ya kukomesha dansi zetu ilikuwa imepita tangu Novemba, na kila mtu wa muziki alikuwa na nakala yake. Nikaisoma kitandani. Kifungu cha kwanza: watu mia moja au zaidi, uwanjani, usiku, kwa muziki wa midundo inayojirudiarudia. Mia moja! Nikajiona wakili. Nikajiambia, wasipofika mia hakuna kosa. Maxine atawapigia kondoo, atachoka, tutarudi nyumbani, Juni tutaoana.

Kifungu cha pili sikukifikia, usingizi ulinichukua. Hicho kinasema hata kumi tu wanaosubiri muziki uanze, wanatosha kufukuzwa. Kumi! Nami nikawaletea kumi na wanne, tena bila umati wa kuwakinga. Kweli elimu ndogo ni hatari.

Ufunguo wa akiba wa Yvette nilikuwa nao, maana nilikuwa namlishia paka wake akisafiri. Jumamosi mchana akaenda kufua nguo. Nikaingia, nikatoa mpya, nikatia ya Oktoba, nikamkuna paka shingoni, nikatoka.

Alfajiri ile polisi walimwachia Maxine bila kesi. Walichotaka ni maspika. Unaona? Hata jela niliyoiogopa haikuja. Kilichokuja ni Yvette kutengwa na mji mzima.

Baz alihakikisha. Kila baa ya mji wetu wa Halifax ilipata habari. Yvette akiingia, wanaanza: "Machimboni! Twende machimboni!" Kazini kwake kwenye duka la mikate, mtu aliagiza andazi, akamuuliza kama andazi nalo ni la Oktoba. Nilikuwepo. Nilicheka kidogo pamoja na wengine. Ndiyo, nilicheka.

Jioni moja ya wiki ya tatu nikarudi nyumbani, nikamkuta Maxine sakafuni katikati ya mashine zake za muziki, mkononi ana mkanda wa ujumbe wa usiku ule, alioutoa kwenye mashine ya Yvette. Watu waliopotea walikuwa wamepiga simu tena na tena, wakaacha maneno.

"Kaa hapa usikie," akasema.

Sauti ya msichana: "Maxine, mpenzi, tumefika. Kuna giza na mbuzi mmoja. Mko wapi?"

Sauti ya mwanamume, anahema: "Jamani, nimetoka Leeds kwa baiskeli! Mko wapi?"

Maxine akabonyeza hapa na pale. Neno likakatwa, likarudi, ngoma ikaingia chini yake: mko wapi, mko wapi, mko wapi.

"Jumamosi tunaandamana mbele ya jumba la baraza la mji, mchana kweupe. Hii ndiyo nitakayoipiga. Wamesema midundo inayojirudia ni kosa? Nitawarudishia mpaka meno yawaume."

"Nzuri," nikasema. Nilihisi kila "mko wapi" inaniuliza mimi.

"Mbona umekuwa hivyo?"

"Kichwa tu."

"Bado una hasira na Yvette?"

"Mimi? Hapana."

"Mimi ninayo. Angekuja akaniambia, Max nimekosea, ningemsamehe siku hiyohiyo. Kinachoniua ni kukana." Akajifuta jicho kwa mkono wa sweta. "Namkosa, Glenn. Kila nikitengeneza kitu nataka yeye ndiye asikie kwanza."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikamuuliza kama anataka chai.

Jumamosi ikafika. Maspika tuliazima kwa Wajamaika wa mtaa wa Chapeltown, huko Leeds, tukayapanga juu ya mkokoteni wa kuuzia viazi. Watu wakajaa uwanjani na filimbi zao, na watoto mabegani. Polisi walisimama kando wakila chipsi zenye siki, kwa sababu mchana, ile sheria ya usiku haikuwa na meno.

Nikamwona Yvette. Alikuwa peke yake mlangoni pa duka la nyama, koti amelifunga mpaka shingoni. Kijana mmoja akapita, akampigia kelele, "Machimbo ni kule, dada!" Wenzake wakaangua kicheko.

Miguu ikanipeleka yenyewe.

"Yvette."

"Glenn."

"Nina jambo nataka..."

"Najua."

"Hujui."

"Mwenye ufunguo wangu ni wewe peke yako, Glenn. Mimi siyo mjinga. Nilijua kabla Baz hajamaliza kunitukana."



"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nani angenisikia? Na ukiniuliza ukweli..." Akatazama pembeni. "Max alikuwa ananionyesha gauni lake kila siku. Nikasema, acha aolewe. Mimi nitabeba. Nilidhani wiki moja tu, kisha wewe mwenyewe utaona haya."

"Naona haya."

"Unaona haya huku umenyamaza. Hiyo inamsaidia nani?"

Nikageuka, nikapenya katikati ya watu mpaka kwenye mkokoteni. Maxine alikuwa anaunganisha waya, bisibisi mdomoni.

"Max, kaseti niliibadilisha mimi."

Bisibisi ikaanguka.

"Rudia."

"Yvette aliweka mpya. Mimi nikaitoa. Hakimu alisema atakufunga. Nilisoma sheria, nikaona mia moja, nikasema wasipofika mia..."

"Ulikuwa unaogopa."

"Nilikuwa naogopa sana."

"Ungeniambia, Glenn!" Sauti ikampasuka. "Ungesema tu, Max naogopa, usiende. Unadhani ningekwenda? Siku ile ungeniomba, ningezima kila kitu! Spika ni spika. Wewe ulikuwa mume wangu!"

Alisema ulikuwa. Nililisikia neno hilo vizuri sana.

"Na ukaniacha nimfukuze Yvette. Ukasimama pale kwenye friji, ukasema amesahau. Ulisema hivyo au hukusema?"

"Nilisema."

"Yeye ametukanwa hadharani. Wewe unakuja kuniungamia mimi sikioni?" Akanitia kipaza sauti mkononi. "Panda."

"Max, watu elfu moja..."

"Ulitaka wasizidi mia, najua. Panda!"

Nikapanda. Polisi wakaacha kutafuna.

"Jina langu Glenn," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka ukuta wa baraza, kubwa, mbaya. "Ile Jumamosi ya Aprili, mlipotumwa machimboni... haikuwa Yvette. Ni mimi. Niliingia nyumbani kwake kwa ufunguo alioniamini nao. Maspika yamekwenda kwa sababu yangu. Yvette hakusahau kitu, wala hakuuza mtu. Nimenyamaza wiki tatu nikiwaacha mumtukane, na mimi nimecheka nanyi. Yvette, nisamehe."

Zomeazomea ikaja, filimbi zote mia kwa pamoja. Konzi la chipsi za moto likanipata shavuni, siki ikaniingia jichoni. Mkono uliolirusha ulikuwa wa Baz, na sikumlaumu.

Nilipofungua jicho, Maxine alikuwa ameshatoka kwenye mkokoteni. Anakimbia. Watu wakampisha mpaka kwenye duka la nyama. Sikusikia waliyosemezana. Niliona Yvette anatikisa kichwa, anatikisa tena, kisha Maxine akapiga magoti palepale kwenye mawe, mbele ya mji mzima. Yvette akamvuta shingo ya sweta kumwinua, wakalia wote wawili. Walirudi wameshikana mikono, na Yvette ndiye aliyewasha muziki. Mko wapi, mko wapi, mko wapi. Watu elfu moja wakarukaruka mbele ya madirisha ya madiwani. Mimi nilishikilia mguu wa mkokoteni usiteleze, maana ulikuwa unatikisika, na hakuna aliyenisemesha mpaka jioni.

Maxine alihamia kwa Yvette siku hiyo. Nilipiga simu mara nyingi. Mashine ilipokea, nikakata.

Tarehe ya harusi hakuna aliyeifuta. Kwa hiyo Juni, saa nne asubuhi, nikavaa suti ya marehemu babu, nikaenda kwa msajili. Mama aliniambia, "Mwanangu, unakwenda kujidhalilisha." Nikamwambia, "Mama, hilo nimeshalizoea."

Nikakaa kwenye benchi. Saa nne na nusu, mlango ukafunguka. Maxine akaingia na sweta yake ileile ya kila siku. Yvette alibaki mlangoni.

Nikasimama. Moyo, mpumbavu huyo, ukaruka.

"Umependeza," Maxine akasema.

"Umekuja."

"Nimekuja." Akanitazama machoni, hakupepesa. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba leo siolewi na wewe. Bado nakupenda, na nina hasira, na naogopa nitakujutia nikikuacha na nitakujutia nikikuchukua. Lakini leo siolewi."

Akamalizia:

"Umeona? Nimeogopa, na nimesema. Imechukua dakika moja."

Akanigusa kola, akaiweka sawa, akatoka. Yvette akaniinamishia kichwa kidogo, akamfuata.

Karani akachungulia, kalamu sikioni.

"Wewe ndiye bwana harusi wa saa nne na nusu?"

"Hapana," nikasema. "Waite wanaofuata."

Nikawapisha kijana mmoja na msichana wake mwenye mimba, nikaenda nyumbani kwa miguu.