Lenzi ya Mume wa Umurerwa

Rafiki yangu Mbusa, mwenye duka Walikale, alikwenda Masisi kutazama kamera ya filamu ya mjane mmoja, Mama Umurerwa. Maandishi kwenye pete ya lenzi yalimwonyesha kuwa ni ya thamani, lakini akadanganya.

"Mama, kioo iko na kuvu. Haina kazi tena."

"Ilikuwa ya bwana yangu," mama akasema. "Beba tu."

Mchana, dukani, Mbusa alifunga madirisha akamulika lenzi kwa tochi. Utando mwembamba uliopakwa kiooni uling'aa zambarau, safi kabisa, na aibu ikamkaba. Aliapa kuirudisha. Ndipo kamera, isiyo na filamu, ikalia kacha bila kuguswa. Akaitazama tena. Ndani ya kioo, nyuma ya uso wake, alisimama mwanamume asiyemjua, amenyoosha mkono.