Michi Miwili katika Kinu cha Mariette

Jua lilikuwa linazama Kasika alipoingia kiwanja cha jirani yake Mariette kuchuma sombe, majani ya mihogo. Mariette hangegomba. Alizikwa tangu Pasaka, baada ya askari kupita mtaa wao wa Bungulu. Mwaka ule wa vita Beni ilikuwa na viwanja vingi vya namna hiyo, na watu walikwisha kuacha kuviogopa. Kasika aliacha hata kulia. Alizika watoto wake wakubwa bila chozi. Alibaki na Kavuo, kitinda mimba, aliyemwacha mkekani akisubiri chakula.

Moyo wake tu ndio haukutulia. Ulikimbia, ukajikwaa, ukasita, ukakimbia tena. Muuguzi alimwambia siku moja unaweza kusimama kabisa. Vidonge vilitoka Butembo, na barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa. Basi ukianza vituko vyake, alikaa chini, akavuta pumzi polepole, akangoja.

Ulianza akiwa katikati ya mihogo. Akakaa chini.

Tu... tu-tu... tu...

Sauti ile haikutoka kifuani peke yake. Nyuma ya jiko mtu alikuwa anatwanga. Harufu ya majani mabichi ilimfikia. Akaweka kiganja kifuani. Mchi ukishuka, moyo ulipiga. Mchi ukikawia...

Moyo nao ulikawia.

Mwili ulimsisimka, lakini alikwenda, ameshika ukuta. Alitaka kumwona mwenye kushika uhai wake. Alikuwa Mariette, amempa mgongo, ameinamia kinu. Mchi wa pili uliegemea ukuta.

— Mama Kavuo, alinong'ona bila kugeuka. Niko natwanga peke yangu. Nimechoka. Hii kazi ni ya batu babili.

Kasika akashika mchi. Wakatwanga kwa zamu, mmoja akiinua, mwingine akishusha, kama enzi za ujirani wao. Moyo ukatulia papo hapo. Raha iliyoje!

— Mpaka siku gani? Kasika aliuliza.

— Kama tunaacha, utalala kaburini sawa mimi. Lakini ukichoka, tutaita Kavuo. Ule mutoto iko na nguvu ya mikono.

Kasika akauachia mchi.

— Hapana Kavuo! Acha mimi nikufe.

Mariette akainua mchi wake tena.

Kasika alifika kwake akiyumba, giza limeshaingia. Alijimwagia maji baridi usoni, akajilaza sakafuni, akakubali kufa. Bora yeye kuliko mtoto. Akangoja.

Moyo ukajikwaa tena... kisha ukashika mwendo. Sawasawa. Ukaendelea sawasawa. Kasika alicheka peke yake gizani, jambo ambalo hakulifanya tangu vita vianze.

— Kavuo, mama yako ni muzima.

Akapapasa mkeka. Ulikuwa mtupu.

Ng'ambo ya ua, michi miwili ilikuwa inatwanga kwa zamu. Mmoja ulishuka kwa uzito mdogo, wa mtu ambaye bado hajaufikia mdomo wa kinu vizuri.

Ilibidi aende kumtoa. Alijua pia moyo utafanya nini atakapomshika mtoto mkono na mchi wake kunyamaza.

Akainuka mpaka magotini. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, vizuri sana. Akabaki pale akiusikiliza, kidogo tu, kabla ya kusimama.