Hodi ya Nyumba Namba 214

Lenah alikwenda kufagia tu. Jua lilikuwa linazama upande wa mjini, na mumewe Patrobas alikuwa ameahidi kumfuata na mizigo akitoka kazini. Nyumba namba 214, mtaa mpya kabisa, kuta bado zinanuka rangi. Yao! Miaka kumi na mmoja walikuwa wamepanga chumba Majengo, wakipangiwa hata saa ya kuzima taa. Sasa, mwaka huo wa sabini na nane, ufunguo ulikuwa mkononi. Mama wa watu alikuwa ameubusu njia nzima.

Akafungua mlango. Lakini mdomo nao, wee, mdomo ukishazoea nyumba za watu!

"Hodi," akasema.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Lenah akasimama na ufagio wake. Harufu ya rangi ilikuwa imekwisha. Palinuka moshi wa kuni... katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuwasha hata kiberiti.

Ko... ko... ko... Mwiko ukigonga sufuria.

"Ni nani huko?" akanong'ona.

"Keti, mgeni. Maharagwe hayajaiva."

"Mimi si mgeni. Hii nyumba ni yangu. Tumeinunua."

Mwiko ukanyamaza.

"Mwenye nyumba hapigi hodi."

Lenah alitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni. Mzee Mbuthia, askari wa mtaa, alimkuta nje, ufagio bado mkononi. Aliposikia habari yenyewe hakucheka. Alivua kofia.

"Kabla ya tingatinga hapa palikuwa na vibanda vyetu," akasema polepole. "Tuliambiwa tutoke, tukatoka. Mama mmoja alikuwa na maharagwe motoni. Akasema yakiiva atatoka."

"Akatoka?"

Mzee aliitazama namba 214. "Nilikuwa nimebeba godoro langu kichwani, mama. Sikugeuka nyuma."

Patrobas alipofika na mizigo alicheka, akasali, wakahamia jioni hiyohiyo. Jikoni hapakuwa na kitu, hata jivu. Wiki nzima ikapita kimya. Lenah akaanza kujionea aibu kwa woga wake. Akashona mapazia. Akapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Usiku alikuwa akipapasa ukuta wa chumba na kutabasamu gizani, maana ukuta ulikuwa wake.

Jumapili jioni akaja shangazi yake Patrobas, yule aliyewasimamia harusi, aliyemwita Lenah binti yangu tangu siku ile.

"Hodi humu ndani!"

Lenah akafungua kinywa ajibu.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Shangazi akaingia. Akampita Lenah hapo mlangoni, mkono kaunyoosha kuelekea jikoni kusalimia. "Asante, mama, asante. Salaale, maharagwe yananukia!"

Hapo ndipo akageuka. Akamtazama Lenah juu hadi chini, kwa upole kabisa, kama unavyomtazama mtoto wa jirani usiyemjua jina.

"Na wewe, mwanangu... umekuja kumtembelea nani?"